Roboti ya bwawa inatembea vizuri ila haivuti uchafu, nianzie wapi? (Kigoma)

#1 Mtunza Bwawa

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Kigoma mjini, natunza bwawa la kuogelea kwenye loji moja upande wa ziwani. Bwawa ni la vigae, mita 12 kwa 5, kina kinaanzia kiunoni mpaka pale mtu mzima anapopotea. Bosi alileta roboti ya kusafisha, ile ya waya inayotambaa yenyewe chini ya maji na kupanda ukutani. Si mpya, aliinunua kwa familia iliyokuwa inahama nchi. Ilipofika ilikuwa moto: asubuhi unatoa kikapu kimejaa majani na mchanga, sakafu inang'aa.

Tangu kiangazi kikolee mambo yamebadilika. Inatembea, inageuka, taa ya boksi la umeme ni ya kijani, haionyeshi hitilafu yoyote. Lakini ikimaliza kazi kikapu kina majani mawili matatu tu, na vumbi liko palepale chini, limejichora mistari ya brashi. Ukutani haipandi tena. Ikifika kwenye kona inanyanyua pua, inateleza, inarudi. Majani makubwa ndiyo kabisa, inayasukuma mbele yake badala ya kuyameza.

Kikapu nakisuuza kwa mpira wa maji kila baada ya kazi. Brashi hazijaisha. Bosi ameshaambiwa na mtu kwamba mota imekufa, anataka tuitume Dar. Kabla haijapakiwa kwenye basi, mwenye kuijua mashine hii naomba msaada.

#2 Nahodha Kibirizi

Ziwa Tanganyika lote hilo mmelipa mgongo mnachimba bwawa? Kigoma tuna mambo.

#3 DadaKatubuka

Nahodha, mgeni mwenye watoto wadogo ukimtajia mamba na kichocho haulizi tena habari za ziwa. Mwache mwenzio na bwawa lake. Nakaa hapa nasubiri mafundi.

#4 Mjomba Mikocheni

Hiyo mota imechoka. Hizi mashine zikishatumika miaka kadhaa ni za kutupa. Kama bosi ana hela achukue mpya, hizi za betri zisizo na waya. Utapoteza muda bure.

#5 Fundi Isevya

Mwangaluka wakuu. Nipo Tabora, pampu na mota ndiyo ugali wangu, na haya maroboti nimeyafungua ya kutosha.

Mjomba, heshima yako, lakini mashine inayotembea na kugeuka huwezi kuisomea hitima ukiwa Mikocheni. Roboti nyingi za waya zina mota zaidi ya moja ndani ya lile boksi lililozibwa. Kuna ya kuendesha mikanda au magurudumu, na kuna ya kuzungusha impela, kile kifeni cha plastiki kilicho chini ya wavu wa juu. Ya kutembea inaweza kuwa nzima huku ya kuvuta inahangaika. Na hata hiyo ya kuvuta, mara nyingi mwenye kosa si mota, ni njia ya maji.

Mtunza Bwawa, fuata maji yanavyopita. Impela inayatupa juu. Yakitoka juu, mengine yanaingia kwenye midomo ya tumboni, yanapita kwenye chujio, yaani hicho kikapu chako na kitambaa chake, uchafu unabaki humo, maji yanaendelea. Pampu ya bwawa haihusiki hapo hata kidogo, kwa hiyo usiiguse. Sasa, hayo maji yanayotupwa juu ndiyo pia yanayoikandamiza mashine sakafuni na kuibana ukutani. Uliposema haipandi ukuta ukawa umenipa nusu ya jibu: maji yanayotoka juu hayana nguvu. Ingekuwa inapanda vizuri halafu haiokoti, ningekupeleka kwenye brashi, vilango vya ile midomo ya tumboni na chujio lililochanika. Ni magonjwa mawili tofauti na watu wanayatibu kwa dawa moja.

Fanya hivi. Iweke roboti kwenye ngazi au upande wa kina kifupi, maji yaifunike kabisa na kuzidi juu yake kidogo. Mtu yeyote asiwe majini. Washa, uangalie uso wa maji juu ya wavu. Mashine nzima inatoa bubujiko la kuonekana, maji yanavimba pale juu. Zima, chomoa kwenye soketi, toa chujio, rudisha kifuniko, iwashe tena kwa sekunde chache tu, uangalie tena.

Bubujiko likiongezeka sana bila chujio, tatizo ni chujio. Likibaki dogo vilevile, tatizo ni impela au umeme unaoifikia. Usiiache izunguke muda mrefu bila chujio, jiwe dogo moja linavunja panga la impela. Na usiiwashe nje ya maji hata kwa kujaribu, maji ndiyo yanayopooza mota na kulainisha sili za shafti, ile mipira inayozuia maji yasiingie kwenye mota.

Leta majibu.

#6 KijanaUjiji

Pamoja na hayo ya fundi, hakikisha hakuna hewa ndani. Ukiidumbukiza haraka hewa inabaki juu ya chujio na mashine inakuwa nyepesi, inaelea kidogo sakafuni. Uishushe taratibu, uigeuzegeuze chini ya maji mpaka mapovu yaishe, ndipo uiachie izame yenyewe.

#7 Mtunza Bwawa

Nashukuru sana wakuu. Nimefanya asubuhi hii wageni hawajaamka.

Hewa nimeitoa yote, mapovu yaliisha. Ikiwa na chujio, maji juu yake yanatingishika tu, huwezi kusema yanabubujika. Bila chujio ni vilevile, labda yameongezeka kidogo sana. Halafu kuna mlio, si mkubwa, wa kitu kinachosugua, unasikika ukiweka sikio karibu na maji.

#8 Mjomba Mikocheni

Si nilisema. Mota hiyo.

#9 Volti Kasulu

Kabla ya kufungua kitu pima umeme. Ukutani ni volti 230, lakini boksi linaishusha mpaka volti ishirini na kitu au thelathini za DC, kama umeme wa betri, kabla ya kwenda majini. Soma lebo ya boksi, halafu chomoa waya wa roboti upime pale kwenye matundu ya kutokea kwa mita ya kawaida. Ukikuta pungufu kubwa kuliko lebo, boksi ndilo gonjwa. Ukikuta sawa, bado haina maana kwamba likibeba mzigo halishuki, ila angalau umeondoa jambo moja.

Na angalia ekstensheni. Nimekuta sehemu wameunga waya mwembamba kutoka jikoni mpaka bwawani, jioni umeme ukishuka kila kitu kinalegea. Boksi likae mbali na ukingo wa bwawa, angalau mita tatu na nusu, mahali ambapo mvua na jua havilifikii. Na soketi hiyo iwe na kinga ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30. Hapo hakuna mjadala, ni bwawa la wageni.

#10 Mtunza Bwawa

Volti Kasulu, lebo inasema 29, mita imesoma 29 na ushee. Soketi ipo ukutani hapohapo kwenye chumba cha pampu, hakuna ekstensheni. Kinga ipo, nimebonyeza kitufe chake cha kujaribia, imekata.

#11 Fundi Isevya

Vizuri. Umeme sawa, chujio halijabadilisha kitu, na kuna mlio. Sasa fungua juu.

Chomoa kwanza ukutani, si kwenye boksi tu. Wavu wa juu umeshikwa na skurubu za nyota, toa, weka kwenye sahani zisipotee. Chini yake utaiona impela. Izungushe kwa kidole. Inatakiwa izunguke laini, ikiwa na uzito kidogo wa sumaku za mota, bila kukwama na bila kuchezacheza pembeni. Kisha shika mapanga yake ujaribu kuizungusha huku umeishika shafti. Ikizunguka peke yake na shafti imebaki, kitovu chake kimeliwa. Hiyo inadanganya wengi sana: mota inanguruma vizuri, impela inateleza juu ya shafti, mvuto hakuna.

Usiishie kutazama juu. Toa ile skurubu ya katikati, uivute impela yenyewe itoke. Uchafu unaoua mvuto unakaa chini ya kitovu, pale kwenye shafti, usipopaona.

#12 Mtunza Bwawa

Wakuu, ngoja niwasimulie nilichokikuta.

Kwa juu impela ilionekana safi. Inazunguka, ila nzito, na kila ikifika sehemu fulani inakwaruza. Nikatoa skurubu ya katikati (ilikuwa na kutu, nikaiwekea mafuta nikasubiri), nikaivuta. Chini yake shafti imevaa pete ya nyuzi, unene wa kidole kidogo, za rangi ya kahawia, zimejikaza kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Ndani yake kuna nywele ndefu za mgeni, kiuzi cha bluu cha plastiki cha mfuko wa sandarusi, na zilizobaki zote ni nyuzi za chikichi. Nyuma ya nyumba jirani wanakamua mawese, makapi yanaanikwa kwa ajili ya kuwashia moto, upepo wa ziwani ukipiga alasiri yanakuja kwetu.

Nimekata kwa wembe taratibu upande mmoja, pete ikafunguka yote. Zilikuwa na mafuta, vidole vimenuka mawese mpaka mchana. Panga moja la impela limemeguka ncha, kipande kidogo. Shafti haichezi.

#13 Nahodha Kibirizi

Yaani roboti ya Ulaya imekwamishwa na chikichi ya Kigoma. Hapo nimeipenda.

#14 DadaKatubuka

Mkuu hongera. Mwambie bosi aahirishe basi.

#15 Fundi Isevya

Safi sana. Angalia kwenye shafti, pale inapoingia kwenye boksi la mota, kuna sili ya mpira. Nyuzi zikijikaza zinasukuma chini na kuila. Ukiona mafuta yanavuja pale, au maji yameingia ndani, hapo ndipo maneno ya Mjomba yatakuwa na uzito. Kama pakavu na safi, rudisha.

Hiyo ncha iliyomeguka haitakuzuia kufanya kazi. Ila impela ikiwa haina uwiano inatetemeka, na mtetemo unakula beringi polepole. Agiza impela nyingine, si ya haraka. Rudia kipimo cha bubujiko utuambie.

#16 MamaLoji Tabora

Naomba niongeze jambo wanangu, maana roboti yetu ilisumbua kwa namna nyingine. Huku Tabora miembe ipo kila kona, ikitoa maua bwawa linakuwa na unga wa rangi ya kahawia usioisha. Yetu ilikuwa inapanda ukuta vizuri sana, inavuta, lakini kila inapozimika tunakuta kilima kidogo cha uchafu chini yake. Kijana akiinyanyua, uchafu mwingine unamwagika majini kabla hajafika ukingoni.

Ikawa ni vile vilango vya tumboni, vile vya plastiki laini vinavyofunguka maji yakiingia na kujifunga yakisimama. Kimoja kilipinda kwa jua, hakifungi. Kwa hiyo mashine inaokota usiku kucha na kurudisha yote asubuhi. Tulimlaumu kijana bure. Siku hizi haiachwi juani, ikimaliza kazi inasuuzwa, inakaa kivulini imening'inizwa.

#17 Fundi Isevya

Mama shikamoo. Hilo ndilo nililoliita ugonjwa wa pili. Na kilango kinaweza kukosea upande wa pili pia: mchanga ukinasa kwenye bawaba hakifunguki, mdomo mmoja unabaki umefungwa, roboti inasafisha ukanda mmoja na kuacha mwingine. Ukiona mistari ya usafi na uchafu inayopishana sakafuni, tazama vilango kabla ya kitu kingine chochote.

#18 Mtunza Bwawa

Mrejesho.

Sili ni kavu. Nimerudisha kila kitu, bubujiko sasa linaonekana hata ukiwa umesimama mbali. Roboti inapanda ukuta mpaka kwenye mstari wa maji na kusugua pale. Kikapu kimejaa majani, vijiti, wadudu, mpaka kipini cha nywele.

Lakini vumbi laini bado. Yaani asubuhi ni safi kidogo, ikifika saa nne jua likipiga unaona tabaka la kijivu limetulia chini. Ukipitisha mguu linainuka moshi. Na kitu kingine: roboti inaanza kazi na nguvu, ikifika kama nusu ya muda wake inaanza tena kulegea ukutani. Nikiitoa na kusuuza chujio, inapata nguvu tena.

#19 Mjomba Mikocheni

Tundu za chujio ni ndogo mno. Weka lile la matundu makubwa au toa kabisa kile kitambaa cha ndani, mvuto utarudi.

#20 Fundi Isevya

Mjomba, mvuto utarudi na vumbi litarudi nalo. Linaingia tumboni, linatoka juu, linatawanyika bwawa zima, kesho limeshuka tena. Chujio la matundu makubwa ni la msimu wa majani. Chujio laini ni la vumbi. Wenye yote mawili wanabadilisha kulingana na hali: kwanza kubwa kuokota majani, halafu laini.

Mtunza Bwawa, sasa umehama kutoka kwenye mashine, umeingia kwenye maji. Chujio likiziba ndani ya nusu ya kazi maana yake kuna kitu kinalipaka. Kwanza fanya kipimo cha chujio lenyewe: lisuuze kama unavyolisuuza siku zote, lishike mkononi, mimina kikombe cha maji safi ndani. Yanapita mara moja au yanasimama?

Pili, nijibu kwa ukweli: maji mnayatoa wapi, na mnayasafisha kwa kitu gani?

#21 Mtunza Bwawa

Maji yanasimama. Yaani nimemimina, yamekaa kama kwenye bakuli, yanapungua taratibu. Kwa macho kitambaa ni safi, lakini ukipitisha ukucha unatoka ute wa kijivu, na kwenye mishono kuna chembe nyeupe ngumu.

Maji tunavuta ziwani kwa pampu yetu, maana bwawa likijazwa kwa maji ya bomba bili inamuumiza bosi. Klorini ni ile ya unga. Na kila Ijumaa inawekwa shabu ili maji yaangaze kwa ajili ya wikiendi, utaratibu nimeukuta.

#22 Fundi Isevya

Shabu! Ndiyo hiyo. Ngoja mwenye kemia aje anisaidie, mimi nijikite kwenye chujio.

#23 MwalimuKemia

Nimeitwa naona. Nafundisha hapahapa Kigoma, maji ya ziwa hili nimeshayapima na wanafunzi mara nyingi kwa karatasi za rangi.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya upande wa alkali, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, ni karibu 9. Bwawa la kuogelea linatakiwa liwe kati ya 7.2 na 7.6 hivi. Tofauti hiyo kwenye namba inaonekana ndogo lakini kwa klorini ni kubwa mno. Klorini ikiingia majini inagawanyika sehemu mbili, na inayoua vijidudu kwa kasi ni moja tu. Kwenye pH 7.5 hiyo yenye nguvu ni karibu nusu. Kwenye 7.2 ni kama theluthi mbili. Kwenye 8.5 imebaki kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo unaweza kumwaga klorini kopo zima, unasikia harufu, na mwani unaendelea kuota kwenye mishono ya vigae. Mwani huo ukifa unakuwa ute, na ute ndio unaopaka chujio.

Sasa shabu. Kazi yake ni kushikanisha chembe ndogo zinazoelea zikawa mabonge, mabonge yakashuka chini. Bibi zetu wanaitumia kwenye mtungi na inafanya kazi vizuri. Lakini inafanya kazi vizuri kwenye maji yasiyo ya alkali sana. pH ikipita 8 na kuendelea mabonge yanakuwa dhaifu, mengine hayatengenezeki vizuri, yanabaki ute mwepesi unaokaa sakafuni na kuinuka ukiguswa. Hiyo ndiyo picha uliyoieleza: moshi ukipitisha mguu.

Chembe nyeupe ngumu kwenye mishono ni ukoko, ndugu wa ule wa kwenye birika la chai. Klorini ya unga inayouzwa madukani kwa kawaida ni ya kalsiamu, kila ukiiweka unaongeza kalsiamu, na kwenye maji ya alkali kalsiamu inapenda kuganda. Inaganda kwenye vigae, kwenye hita, na kwenye kitambaa cha chujio chako.

Mlonge nao umesikika ukisifiwa kwenye kazi ya shabu. Kwa ndoo ya maji sawa. Bwawani usijaribu, unaongeza chakula cha vijidudu.

#24 KijanaUjiji

Mwalimu umeniamsha. Kwa hiyo roboti ilikuwa inaokota shabu ya Ijumaa wiki nzima.

#25 Fundi Isevya

Ndiyo, na roboti hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ute wa shabu unaziba kitambaa ndani ya dakika chache, ukiachwa unakauka unakuwa gundi. Uchafu ulioshushwa kwa shabu unatolewa kwa vakyumu ya mkono, ile ya fimbo na bomba, filta ya mchanga ikiwa imewekwa kwenye njia ya kumwaga nje moja kwa moja. Usiupitishe kwenye mchanga, utarudi. Utapoteza maji, sawa, ziwa lipo. Fimbo uisogeze polepole sana, ukikimbia unauinua.

Chujio sasa. Kuna mafuta (ya wageni, na nyie mna mawese ya bure kutoka kwa jirani) na kuna ukoko. Anza na mafuta. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, loweka masaa kadhaa, sugua kwa brashi laini, suuza kutoka nje kwenda ndani ili uchafu utoke kwa njia uliyoingilia. Ukianza na tindikali kabla ya kuondoa mafuta, uchafu unang'ang'ania kwenye nyuzi na huutoi tena.

Baada ya sabuni kuisha yote, loweka kwenye siki nyeupe usiku mzima. Asubuhi suuza, mimina kikombe cha maji. Yakipita bila kusita umemaliza, yakisita rudia siki. Usitumie brashi ya waya, na usilipige kwa mashine ya presha kwa karibu, kitambaa kinatanuka matundu na hapo umelinunua jipya.

La muhimu kuliko yote: siki au asidi yoyote isikutane na klorini. Ndoo tofauti, mahali penye hewa, chujio likiwa limesuuzwa klorini yote. Gesi inayotoka hapo inaua mtu chumbani.

#26 DadaKatubuka

Na hiyo pH anaishushaje? Maana ziwa haliwezi kubadilishwa.

#27 MwalimuKemia

Dada, kwa asidi ya hidrokloriki, hii wanayosafishia vigae madukani wanayo. Pampu inazunguka, hakuna mtu majini, glavu na miwani. Asidi ndiyo inayoingizwa kwenye ndoo ya maji, si maji kwenye asidi, halafu unaimwaga taratibu upande wa kina kirefu. Bwawa lake ni kama lita laki moja. Asizidishe lita moja kwa mkupuo, asubiri masaa manne matano, apime, ndipo aendelee. Asitarajie itulie siku moja. Maji ya ziwa yana alkali nyingi iliyojificha, pH inashuka leo, kesho imepanda tena, na kila akiongeza maji mapya ya ziwa inapanda. Ni kazi ya kudumu. Kipimo cha matone kiwe mezani.

Kuongezea bwawa kwa maji yenye alkali ndogo kutampunguzia asidi. Mvua ikianza, akinge ya bati.

#28 Mjomba Mikocheni

Haya nimekubali kwenye mota. Lakini za betri bado ni bora, hakuna waya wa kujisokota.

#29 Volti Kasulu

Mjomba, za betri zina ugonjwa wao. Betri ikichoka mvuto unaweza kushuka huku bado inatembea, mtu anaiona inatembea anadhani nzima. Na kuibadilisha huku kwetu ni mtihani, nyingi zimezibwa. Waya ukijisokota unaulaza juani umenyooka siku moja, umekwisha. Ila usiache usokoteke miaka, nyuzi za ndani zinakatika moja moja na volti zinapungua njiani.

#30 Mtunza Bwawa

Wakuu, nimechelewa kurudi, wageni walikuwa wengi.

Shabu imesimama. Nimevuta sakafu kwa vakyumu ya mkono na kumwaga nje, maji yaliyotoka yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Chujio nimeliloweka sabuni, kisha siki, mara mbili. Kikombe cha maji sasa kinapita hapohapo. pH ilikuwa mwisho kabisa wa rangi za kipimo, naishusha kidogo kidogo, imefika 7.8, inapanda na kushuka kama Mwalimu alivyosema. Roboti inamaliza kazi yake yote ikiwa na nguvu, na bosi ameikagua sakafu kwa miwani akakosa la kusema. Jirani wa mawese nimeongea naye, anaanika makapi upande wa pili wa ukuta.

Kimebaki kitu kimoja. Baada ya maneno ya MamaLoji nilipindua mashine. Kilango cha kushoto kina mpasuko kwenye bawaba, kinashikilia upande mmoja tu. Nimekata kingine kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kinafunga vizuri, ila upande huo sasa hauvuti majani. Spea ya kampuni hadi ifike ni mwezi.

#31 MamaLoji Tabora

Asante kwa kunikumbuka mwanangu.

#32 Fundi Isevya

Mpira wa tairi ni mzito, maji hayana nguvu ya kuunyanyua. Tafuta filamu ya zamani ya eksrei, zile nyeusi za hospitali, kila nyumba ina moja kabatini. Iloweke kwenye maji ya klorini itoke weusi, suuza vizuri. Kata kwa kipimo cha kilango cha kulia, acha nafasi ya milimita moja kila upande isikwaruze, toboa matundu ya bawaba kwa sindano ya moto. Ni nyepesi, inarudi yenyewe, na haiozi majini. Itakufikisha mpaka spea ije.

#33 Nahodha Kibirizi

Eksrei ninayo ya goti. Mtunza Bwawa, pita Kibirizi uichukue, goti lenyewe lilishapona.